Dizeli ya Wagonjwa Wanne

Othmar alikuwa karani wa misheni yetu kando ya Ziwa Nyasa, kusini ya Lituhi, na ugonjwa wake ulikuwa kompyuta. Mwaka 2003 aliletewa kutoka Songea sidii ya programu ya kuandikia, toleo la majaribio, bado bichi. Walioitunga walikuwa watu wa kujitolea. Wenye mashine kuukuu kama yake waliombwa waiunde wenyewe, yaani mashine igeuze maandishi yake ya asili kuwa programu kamili, kisha waseme imekwama wapi. Othmar aliahidi kuwajibu kabla ya Pasaka.

Kuiunda kulitaka muda wa saa nne mfululizo. Na umeme ulikuwa mkononi mwangu mimi, Urbani, mtu wa jenereta: jioni kidogo tu, dizeli ikiisha nazima. Mara tatu nilimkatia katikati, faili zikaharibika, akaanza upya. Hakuninunia, na hilo lilinikera zaidi.

Mchana niliwasha mara moja kwa mwezi, daktari alipokuja kutoka Mbinga kupasua wagonjwa.

"Kaka Urbani, leo wangapi?" Othmar aliniuliza asubuhi ya siku moja kama hiyo.

"Wanne."

Akachekelea: saa nne zake zimepatikana. Nikamwambia, "Wewe unaomba watu wapasuliwe."

Saa sita mchana mistari ilikuwa bado inapanda kwenye kioo, imebaki sehemu ya mwisho. Ndipo Sista Hedwiga, muuguzi, akaja mlangoni. Luisa, mke wa Othmar, alikuwa ameletwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Angekuwa mgonjwa wa tano wa kupasuliwa.

Othmar alikimbilia chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa mbele yake. Alisimama pale, mikono haina kazi. Kisha akanijia bandani kwenye jenereta.

"Dizeli inatosha?"

Nilikuwa nimepima ya wanne. Gari lilikuwa limetumwa Mbinga kuleta nyingine, na barabara ya masika kila mtu anaijua. Nikachukua kijiti cha kupimia, nikakichovya kwenye tangi.

Akarudi ofisini mbio. Kupitia dirishani nilimwona akichomoa waya wa kompyuta, kioo kikawa cheusi. Miezi miwili ya kazi yake.

"Nimeizima," akasema, jasho likimtoka. "Sasa itatosha?"

Kompyuta ile haikula hata kijiko cha dizeli. Nilimwonea huruma.

"Itatosha, kaka," nikamwambia. "Kakae karibu naye, pale mlangoni."

Alipoondoka, nikachovya kijiti kwenye tangi mara ya pili. Kilitoka kimelowa ncha tu.