Bwana Stoo na Kamera ya Tisa

Mtaani kwetu anaitwa Bwana Stoo, na jina hilo hakupewa bure. Alitunza stoo ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo haikupotea hata glavu moja. Haikupotea kwa sababu hakumpa mtu. Muuguzi akienda kuomba bandeji, aliulizwa ya jana ameipeleka wapi. Akijibu kwamba iko kwenye mguu wa mgonjwa, Bwana Stoo alikunja uso, maana kwake yeye kitu kilichotumika na kitu kilichoibwa ni mtu na pacha wake. Alipostaafu walimpa cheti na saa ya ukutani. Nasikia baada ya yeye kutoka getini wauguzi walicheza.

Akarudi nyumbani na tabia zake zote, masikini mkewe. Sabuni ikaingia kabatini na kufuli. Kwenye kopo la sukari akachora mstari wa penseli kuonyesha ilipoishia. Ndipo akaniita mimi, fundi wa kamera, nimfungie nne za nje: moja getini, moja uani, mbili kwenye kuta za pembeni. Mimi mteja simuulizi anaogopa nini. Nafunga, naondoka.

Kamera zile zilikesha mwaka mzima. Zilimwona paka, zikamwona msoma mita, na zaidi ya wote zikamwona Bwana Stoo mwenyewe akitoka kuhakikisha kwamba kamera bado zipo. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Yeye alinipigia simu akiwa na wasiwasi mtupu.

"Fundi, mwizi haonekani nje."

"Si vizuri hivyo, mzee?"

"Vizuri wapi? Ina maana yuko ndani."

Ndani ya nyumba ile wanaishi watu wawili. Watoto walishaoa na kuolewa, na kila mmoja alichagua kukaa mbali.

Basi nikaenda na ngazi na drili, tuongeze kamera nne: sebuleni, kwenye korido, kwenye mlango wa stoo na jikoni. Nikamweleza kwamba mashine yake ya kurekodi ina matundu manne tu na yote yamejaa, kwa hiyo itabidi tuweke nyingine yenye matundu manane. Alinikazia macho kana kwamba manne yaliyopungua nimeyameza mimi. Ana mkono wa birika yule, lakini woga ulimshinda, akakubali. Kitu kimoja tu aliweka ngumu: kamera za kunasa sauti hataki.

"Maneno hayaibwi, fundi. Niletee za macho tu."

Nilikuwa natoboa ukuta wa korido mkewe aliponiita jikoni, akanipa kikombe cha chai. Ni mama mpole, mwenye sauti ya chini.

"Fundi, za nje nilivumilia. Na hiyo ya sebuleni nitavumilia. Lakini humu jikoni ndimo ninamokaa mimi. Humu naimba, humu nalia, humu najikuna. Siku jicho hilo likiingia humu, mimi nakwenda kwa dada yangu na sirudi. Nimemwambia, hasikii. Mwambie wewe kwamba haiwezekani. Mwambie waya haufiki."

Ningeweza kusema hivyo. Ulikuwa uongo mdogo kabisa, na ungeokoa ndoa ya watu. Lakini na mimi nina ugonjwa wangu: tangu nianze kazi hii, hakuna aliyewahi kusema waya wangu umeshindwa kufika mahali. Niliona kama mama wa watu anaitukana kazi yangu.

"Mama," nikamjibu, kifua mbele, "waya wangu hufika popote."

Akaniangalia. Kisha akachukua kikombe chake, na chai sikuwa nimeimaliza.

"Haya," alisema. "Ufikishe."

Nikaufikisha. Kamera ikakaa juu ya mlango wa jikoni, safi, hakuna waya unaoning'inia. Wapumbavu siku ile tulikuwa wawili, na mwenye drili nilikuwa mimi.

Siku ya nne Bwana Stoo akapiga simu, anahema. "Fundi, njoo haraka. Mfumo wako una kasoro."

Nilimkuta peke yake. Vyombo vimejaa kwenye sinki, na nyumba imenyamaza.

"Mama yuko wapi?"

"Ameondoka jana asubuhi. Lakini sikukuitia hilo."

Akanikalisha sebuleni mbele ya skrini yenye vyumba vinane vya picha. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoandika saa na dakika, kwa mwandiko wake ule wa stoo.

"Angalia mwenyewe. Saa tatu na dakika kumi, jikoni, mikono mitupu. Saa tatu na robo, korido, mkoba mmoja. Saa tatu na dakika ishirini na tano, getini, mikoba miwili! Wa pili umetoka wapi? Kuna mahali hapaonekani, fundi. Inatakiwa kamera ya tisa."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania hata kidogo.

Nikarudisha rekodi nyuma. Jikoni, mkewe alisimama chini ya kamera, akainua uso na kuiambia jambo. Midomo ilicheza muda mrefu.

"Anasema nini?" aliuliza Bwana Stoo.

"Mzee, sauti ulikataa mwenyewe."

Nikafungua picha ya sebuleni, zile dakika zilizomsumbua. Bwana Stoo alikuwemo, kwenye kiti hikihiki, ameikodolea macho skrini hiihii. Nyuma yake akaingia mkewe na mkoba. Akasimama. Alisimama dakika nne nzima, nimezihesabu. Akanyoosha mkono kuelekea begani kwa mumewe, akaurudisha. Na mumewe akasogeza uso karibu na kioo cha skrini, apate kumwona vizuri. Mwishowe, mumewe akiwa amehamishia macho picha ya korido, mama akainama nyuma ya kochi, akatoa mkoba wa pili, akaenda zake.

"Kumbe ulikuwa nyuma ya kochi!" akapiga kelele kwa furaha, akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake.

Hapo nilishindwa. "Mzee! Mkeo amesimama mgongoni kwako dakika nne anasubiri ugeuke!"

"Lakini nilikuwa namwona vizuri tu," alisema.

Akaomba niirudie. Nikairudia mara tatu, na mara ya tatu hakuangalia mkoba. Karatasi ilikuwa imemdondoka, na sikumwokotea.

"Mpigie," nikamwambia.

Akapiga, akaweka sauti kubwa maana masikio yake yamechoka.

"Mke wangu."

"Naam."

"Nimekuona. Kwenye rekodi. Uliposimama nyuma yangu."

"Ndiyo kwanza umeniona leo?"

Mtu yule hajawahi kudanganya juu ya kilichopo na kisichopo.

"Nilikuona palepale," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Basi kumbe ulikuwa unaniona," alisema mama, na simu ikakatika. Mumewe alipiga tena, na tena. Haikupokelewa.

Bwana Stoo akainuka, akavaa viatu, akatoka bila kufunga mlango, jambo ambalo sijapata kuliona. Nikamfuata kwa macho kwenye skrini mpaka getini. Akasimama papo hapo, kisha akarudi hadi mlangoni, jasho linamtoka. Mkewe alikuwa akienda kwa dada yake kila Jumamosi, na yeye kila Jumamosi alibaki kulinda.

"Fundi, kwa dada yake wanakata kulia au kushoto?"

Nilitafuta rekodi ya getini, tukaitazama pamoja. Mama anafungua geti, anapitisha mikoba yake, analifunga taratibu nyuma yake. Kamera ile niliilenga mimi mwenyewe, kwa ufundi wangu wote, na inaishia hapo getini.