Muuza Makaa Asiyetoa Mkono

Mama muuza makaa wa mtaa wa Silanga alikuwa akikusalimia hadi bega linalia, na masizi yake hayakutoki hata ukioga maji ya dam nzima. Sauti yake, haki ya Mungu, iliwahi kuangua mayai ya jirani kabla ya siku zake. Lakini mwaka ule wa mvua ya El Niño mikono yake ilitakata kama ya karani kwa kunawa, na salamu akawa anaitoa kwa kidevu. "Siku hizi ana madharau," majirani wakasema, maana kwa Waluhya wenzake kunyimwa mkono ni tusi. Hawakujua alichoambiwa hospitalini: dawa anayotundikiwa inaua kansa ya titi, lakini inawafyeka pia askari wa mwili, hata mafua tu yanaweza kumzika.

Jumapili bintiye Phanice akamletea mjukuu wa kwanza kutoka Kawangware. Mtoto akapiga chafya.

"Mpokee, Mama! Wakisikia hukumbeba watasema umemkataa."

Mikono ikainuka yenyewe. Akaishusha, akaikalia.

"Ana mafua, mwanangu. Hayo yatanimaliza. Rudi pale mlangoni." Kisha, kwa sauti ndogo: "Utosini ananukiaje?"

Phanice akainama, akamnusa mtoto kwa niaba ya mamake.