Viganja Vyangu na Mama Mkwe

Mtoto wangu wa kwanza sikumwogesha mimi. Nilimzaa mwenyewe, lakini kila nilipotumbukiza mikono kwenye beseni, baada ya dakika chache viganja viligeuka vyeupe, vikajikunja, vikatoa vilengelenge vidogo na kuwaka moto. Siku mama mkwe alipoviona, mtoto akiwa bado majini, alimpokonya. "Hiyo si mikono ya kushika mtoto," akasema. Mume wangu akatazama chini kama vile kadondosha kitu.

Tangu hapo mimi nikawa wa kuitwa kunyonyesha tu. Majirani wakija kumwona mtoto, mama mkwe anawaambia nina ukoma. Nilimchukia, sifichi. Nilimchukia mpaka chakula kikawa hakipiti.

Hospitali ya kwanza, pale Njombe, daktari aligeuza viganja vyangu akashangaa. "Mbona mikono yako mizuri tu?" Kweli ilikuwa mizuri. Nani anakwenda kwa daktari na mikono ya jikoni? Nilikuwa nimeikausha na kuipaka mafuta. Mama mkwe, aliyekuja na mtoto mgongoni, akasema nimezoea kuficha.

Tukaenda Makambako kwa daktari mwingine, mwanamke. Naye alipoanza kusema haoni kitu, uvumilivu ukaniishia. Nikainuka bila ruhusa, nikafungulia bomba la sinki lake.

"Mama, unafanya nini?"

"Subiri, daktari. Utaona mwenyewe."

Akasubiri. Viganja vikaanza mchezo wao. Akavikausha kwa kitambaa, akaniuliza kama vinatoka jasho sana, kama vikikauka hurudi kama vilivyokuwa. Nikasema ndiyo, ndiyo. Akatabasamu.

"Huu si ukoma wala fangasi. Ngozi ya viganja vyako inanyonya maji kupita kawaida. Ni nadra, ila haiambukizi mtu. Nitakupa dawa ya kupunguza jasho. Na mtoto wako mwogeshe."

Nikamgeukia mama mkwe. "Umesikia, mama?" Akajifanya anamfunga mtoto vizuri.

Jioni hiyo nilimwogesha mwanangu sebuleni, mbele ya mama mkwe, taratibu, viganja vyeupe pe. Nilipomaliza akanyoosha mikono. "Mlete nimpake mafuta."

"Mama, viganja vyako vimepimwa?"

"Hee! Vyangu vina nini?"

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana watu hupimwa."

Alidhani natania. Thubutu! Kesho yake sikumpa mtoto, na kesho kutwa vilevile. Mume wangu akaja kuniomba nilegeze. Nikamwambia aendelee kutazama chini.

Mwisho mama mkwe akapanda gari mwenyewe hadi Makambako, kwenye baridi ile. Akarudi na machozi, akanitandazia viganja. "Wamesema mimi mzima, mwanangu. Sina kitu."

Nikavishika, nikavigeuza, nikavitazama kwa makini. Vilikuwa viganja vizuri vya mkulima, vimekomaa, havina doa.

"Hongera, mama," nikamwambia. "Sasa tungoje mtoto akue kwanza, ndipo umshike."