Kasha la Katikati

Nailoni mpya ikichanwa hutoa harufu kali kidogo, kama ya kiatu cha sikukuu ambacho hakijavaliwa, na nyuma yake hufuata harufu ya gundi na karatasi nene. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya wivu. Sijui wa wengine unanukaje. Wangu ulivuka ua kutoka nyumba ya Mama Mdogo kila kasha jipya la kaseti lilipofunguliwa, ukanikuta kwenye kizingiti chetu nimekaa na ungo wa mchele mapajani, nikajua kwamba baba ameshakaa kwenye jamvi na kwamba aliyekaa ubavuni mwake si mimi.

Lupango letu lilikuwa mtaa wa Buyenzi: nyumba mbili zinazotazamana, ua katikati na bomba la maji pembeni. Moja ilikuwa ya mama yangu, ya pili ya Mama Mdogo, mke wa pili wa baba. Baba alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Mimi na Rukia, binti wa Mama Mdogo, tulizaliwa msimu mmoja, tukaanza shule siku moja, na watu wasiotujua walituita pacha. Kisha vita ikaja, shule zikafungwa, na zilipofunguliwa baba akasema atamrudisha mmoja kwanza, mwingine atafuata mambo yakitulia. Aliyerudishwa ni Rukia. Mambo hayakutulia. Mimi nilikomea darasa la tatu, na haya ninayoandika nilijifunza kuyaandika ukubwani, nikiwa tayari na watoto. Niliolewa mapema, nao wanangu hawakuchelewa, ndiyo maana naitwa bibi na kichwa changu bado cheusi.

Makasha yenyewe niyaeleze, kwa sababu watoto wa leo hawajui kaseti, sembuse kasha. Mjini kulikuwa na kaseti za kawaida, za kunakiliwa, jina limeandikwa kwa kalamu juu ya karatasi iliyobandikwa. Hizo baba hakuzitaka. Alizotaka ni zile alizoletewa na kaka yake Mama Mdogo, aliyekuwa akiuza kaseti katika duka moja Ubelgiji. Zilikuwa filamu za kutisha, na si zile zilizopendwa na kila mtu. Mjomba alisema hata huko kwao waliozipenda walikuwa wachache, lakini hao wachache walizipenda kwa wazimu, ndiyo maana zilitengenezewa toleo lao maalumu. Kulikuwa na kasha la bati, kasha la mbao, kasha lililovikwa kitambaa chekundu kama mto wa bibi harusi. Ndani ulikuta kaseti ya filamu, kaseti ya pili ya kuonyesha jinsi damu ya uongo ilivyopikwa, na picha kubwa iliyokunjwa ambayo ukiikunjua inatosha mlango. Baba aliyafuta kwa kitambaa laini alichofutia vioo vya wateja, akayawekea karafuu kwenye kona ili wadudu wasisogee, na hakumwazima mtu. Mwenye ukumbi wa video wa mtaa wa pili alikuja kuomba mpaka akachoka. Siku akina mama wa msikitini wanakuja kusoma dua, mama yangu alivuka ua mwenyewe kuhakikisha mafuvu yote ya kwenye makasha yamegeuzwa yakatazama ukuta.

Jirani yetu, mzee muuza makaa, alipenda kumchokoza.

"Bwana, nasikia unafuga majini mule ndani."

"Nafuga. Hayali ugali."

"Na haya yanayopiga risasi kule juu Kamenge hayakutoshi?"

"Yale siyajui," baba alisema. "Ya kwenye kaseti nayajua. Nikichoka nayazima."

Baba alisema Kifaransa cha wateja lakini hakukisoma. Maandishi yaliyokuwa nyuma ya kasha yalisomwa na Rukia. Kabla ya filamu kuwekwa kwenye deki, baada ya sala ya alasiri, wakati umeme upo na saa ya watu kujifungia bado haijafika, Rukia alikaa ubavuni mwa baba akasoma polepole, kwa sauti ya mwalimu wake, na baba akafumba macho akisikiliza. Mimi nilivuka ua na visingizio vyangu. Mama anaomba chumvi. Mama anauliza kama mna kiberiti. Nikasimama mlangoni mpaka nionewe huruma nikae, na nilikaa nyuma, karibu na viatu. "We kaa pale pale, unanuka moshi," Rukia aliniambia siku moja bila hata kugeuka. Baba alisikia. Hakusema kitu. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kusahau mtu aliyemtukana, aliyenyamaza hamsahau.

Baba alichokitamani kuliko vyote mwaka ule ni kukamilisha makasha matatu ya filamu moja yenye sehemu tatu. Ukiyapanga yakiwa yamesimama, migongo yake iliungana ikawa uso mmoja wa mwanamke. La kwanza alikuwa nalo, lenye jicho la kushoto. La tatu alikuwa nalo, lenye jicho la kulia. La katikati, lenye pua na mdomo, mjomba alikuwa bado analitafuta. Kwenye rafu pale palikuwa na pengo, na yale macho mawili yalitutazama kutoka pande mbili kama watu waliogombana.

Kabla halijapatikana, risasi zikashuka kutoka mitaa ya kaskazini zikafika kwetu. Asubuhi moja barabara ilijaa watu waliobeba magodoro kichwani. Mama Mdogo alikuwa na ndugu zake Uvira, ng'ambo ya mpaka, karibu tu, na baba akaamua kumpeleka huko pamoja na Rukia na wadogo zake. Mama yangu alikataa kuondoka. Bibi mzaa mama alikuwa amelala ndani hawezi hata kugeuka, na mama alisema kama ni kufa watamkuta na mama yake. Baba akasema atawafikisha wale kisha arudi. Makasha aliogopa kunyang'anywa mpakani, basi akayavusha ua yote, akayasukuma chini ya kitanda chetu, akafunika kwa gunia.

"Nakuachia wewe," aliniambia.

Nilifurahi sana, mpaka nilipoona kwamba alikuwa anatazama chini ya kitanda. Kisha akamshika Rukia mkono wakatoka.

Hakurudi wiki ile wala iliyofuata. Uvira nako kulikuwa na friji. Habari zake zilikuja na Mzee Saidi, muuza mawese, aliyekuwa akivuka na madumu yake kila mpaka ulipofunguliwa.

"Mume wako anasalimia," alimwambia mama. "Anauliza yale makasha yake hayakunyeshewa."

"Mwambie watoto wake hawakunyeshewa," mama alijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Kwenye mvua za masika ndipo mwanamke mmoja mfanyabiashara wa vitenge alipobisha mlangoni na kifurushi kutoka Ubelgiji. Hakujua kama Mama Mdogo amehama. Aliuliza kama hapa ndipo kwa fundi wa friji, nikasema ndipo, na kweli ndipo. Nilipotoa karatasi ya juu nikakutana na pua na mdomo. Sikuichana nailoni. Niliyatoa yale mawili chini ya kitanda, nikayasimamisha sakafuni, nikaliingiza hili katikati. Yule mwanamke wa kwenye migongo alikuwa mzuri. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwona akiwa mzima, kabla ya baba, kabla ya Rukia, na siku ile nilitembea ndani ya nyumba kama mke mpya.

Haikupita muda Mzee Saidi akaja na gunia tupu.

"Baba yako amenituma. Nipe yale makasha, kuna lori la mtu ninayemjua."

Nilikaa juu ya kitanda, miguu ikaziba upenyo wa chini. "Apana. Aje mwenyewe."

"We mutoto, mi ni mukubwa kwako."

"Ndiyo, Mzee Saidi. Mwambie la katikati limefika. Aje mwenyewe."

Alimtazama mama ili amsaidie. Mama alikuwa anakata kucha za bibi na hakuinua kichwa. Kwa mama yangu hiyo ilikuwa ruhusa.

Baba akaja. Ijumaa, baada ya sala, na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, amekonda. Mama alimwekea ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Akala, akanawa, akajifuta mikono kwa makini, akaniita nikae kwenye jamvi. Ubavuni. "Fungua we," akasema, akanipa kisu chake kidogo cha kazi. Nikaichana ile nailoni na harufu ikatoka, na safari hii haikuwa imevuka ua wowote. Alilinusa kasha, akaligeuza nyuma, akanipa.

"Soma."

Mazoea yalimsemesha. Alikuwa amefumba macho tayari. Maandishi yale yalikuwa Kifaransa, madogo kama mchanga, na mimi hata Kiswahili nilikuwa nakisoma kwa kidole. Niliziona picha tatu: nyumba iliyosimama kwenye maji, taa, na mwanamke aliyegeuka mgongo. Nikaanza. Nikasema kuna mwanamke amekufa na hajui kwamba amekufa, anapika, anafua, anasalimia watu, na watu wanaogopa kumwambia. Anayejua ni mbwa. Mbwa hamsogelei, habweki, anamfuata tu kwa mbali kila anapokwenda.

"Mbwa wa nani?" baba akauliza.

"Wa mume wake wa kwanza."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Na huyo mume alikwenda wapi?"

"Alivuka mpaka," nikasema.

Baba akafumbua macho. Alichukua kasha, akazikagua zile picha moja moja. "Mbwa simwoni."

"Yumo ndani."

Akanirudishia. "Haya, endelea."

Nikaendelea mpaka mbwa anafika kwenye kizingiti cha ile nyumba ya majini, mlango uko wazi, na ndani kuna mtu anamwita kwa jina. Hapo nikanyamaza.

"Kisha?"

"Lala hapa leo. Kesho nitakumalizia."

Alinitazama muda mrefu, sasa mimi, si makasha. Lakini lori la yule mtu lilikuwa linasubiri. Aliyatia makasha kwenye gunia moja moja, akiweka nguo katikati yasisuguane. Mlangoni akasema, "Nikirudi utanimalizia." Vita ikaingia na Uvira. Wakavuka ziwa mpaka Kigoma, na Kigoma baba akaugua, na siku anakata roho aliyekuwa ameketi kando ya kitanda chake ni Rukia. Mwenzangu alipata shule, akapata miaka ya baba yote, akapata na siku ile. Watu huniambia wivu hupoa ukizeeka. Labda wao.

Wajukuu wangu sasa wanaangalia mazimwi kwenye simu, kila mmoja na yake, kila mmoja kona yake, na hakuna anayegombea kukaa karibu na mtu. Filamu zile zote zimo humo bure, wananiambia. Rukia yuko Ubelgiji na makasha anayo, kwenye kabati la vioo lenye taa. Vijana wa huko wanakwenda kwake kuyapiga picha, naye hunitumia hizo picha ili nione. Mwaka jana alinipigia simu, na tulipomaliza salamu akasitasita.

"Dada, ile ya katikati. Baba aliniambia nisome nyuma ya kasha, nikasoma, akasema sijui kusoma, nimeruka mbwa aliyefika kizingitini. Nilirudia mpaka nikalia. Sasa nimeiangalia yote, mara nyingi. Hakuna mbwa."

"Yumo," nikasema.

"Basi anafanya nini? Anaingia?"

Anauliza kila akipiga. Sijamwambia.