Uvimbe wa Mama ni Mafuta Tu!

Watu wangu, mama hana saratani!

Nimepiga nduru kwa korido ya hospitali hapa Nyeri mpaka askari akaja mbio. 😂

Mnajua ule uvimbe wa bega lake, mkubwa kama kiazi? Tangu uanze kuonekana hata akiwa amevaa sweta, nyumbani Ruring'u hatujalala vizuri.

Leo daktari ameubonyeza. Ni laini, unateleza chini ya vidole, hauumi. Akaagiza picha ili ahakikishe.

Mafuta tu!

"Ule unaotutia wasiwasi," daktari akasema, "mara nyingi ni mgumu, hausogei, na unazidi kukua."

Hapo nikabana mkono wangu kwa ubavu.

Mama akanigeukia. "Daktari, angalia na huyu msichana wangu. Iko kitu kwa kwapa yake, ananificha."

Jamani! Na mimi nilifikiri hajui! Ni kadogo kama harage, lakini ni kagumu, na kamekuwa kakikua.

Daktari akakashika. Hakutabasamu. Akachukua sampuli kwa sindano.

"Bado siwezi kukwambia ni nini. Lakini umefanya vizuri kuja kakiwa kadogo."

"Hajakuja," mama akasema. "Ni mimi nimemleta."

Majibu yangu ni wiki ijayo. Naogopa, lakini kwa furaha ya mama, leo hata kukaa chini siwezi.

Na wewe, uko na kitu kama hicho unaficha? Sema hapa, tukusindikize kwa daktari.