Moshi wa Alhamisi

Kila asubuhi namkalisha kobe wa marehemu mama kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nampangusa makamasi puani, kisha namdunga sindano ya dawa begani. Ni mzee, hakuna hapa kwetu Malindi anayejua umri wake, na bado hunifyonya kila nikimshika. Apende asipende, atadungwa.

Alipoanza kupumua kwa mdomo, shingo kainyoosha, nilisema ni husuda za majirani. Kwetu kila Alhamisi jioni hufukizwa udi nyumba nzima. Mimi nikazidisha na ubani, nikakisukuma chetezo chenye makaa chini ya kitanda cha mama, ambapo kobe hulala.

Daktari wa mifugo alinusa mlangoni kabla hata hajamgusa.

"Dada, moshi huu ndio unaomuua. Mapafu yake hayauwezi."

Nikamjibu nimeelewa. Nikamtilia chai, akanywa, akaenda zake. Sikumwambia kuwa mwaka jana mama alilala juu ya kitanda hicho hicho akikohoa, na kila alipozidi kukohoa, mimi niliongeza ubani.