Mwalimu wa Kiingereza Aliyejifanya Mgonjwa

Saa moja na nusu asubuhi, Butembo. Mwalimu Sikuli Melchior anagonga meza kwa fimbo, na wanafunzi arobaini na wanane wanaitikia kwa pamoja: "Go, went, gone!" Anagonga tena. "Take, took, taken!" Hakuna anayekosea.

Kwa miaka kumi na minne amefundisha hivyo hivyo vitenzi vya Kiingereza, mia mbili na kumi, maana zake zikiandikwa ubaoni kwa Kifaransa. Mshahara wa serikali umekatika tangu vita vianze. Wazazi ndio wanaomlisha. Mjini anaheshimiwa sana, hasa tangu askari wa ng'ambo ya mpaka waingie wakizungumza Kiingereza.

Ila Mwalimu Sikuli hajawahi kuzungumza Kiingereza na mtu yeyote.

"Verbe nazijua zote," anasema kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa, akitazama viatu vyake. "Mais kuzitumia na mutu mbele yangu, hapana. Na sikuambia mutu."

Mficha uchi hazai. Mwezi Machi mwaka huu wa 2001, Mathe, anayesafirisha mafuta ya mawese kwa baiskeli kutoka Mangina, alikamatwa kwenye kizuizi cha askari hao karibu na Beni akidhaniwa mpelelezi. Mkewe, Katungu Julienne, alikimbilia kwa mwalimu wa mtoto wake. Ofisa wa kambi alikofungwa Mathe alijua Kiingereza tu, na Katungu alihitaji mtu wa kumsemea.

Sikuli alimwona akiingia uani, amebeba kuku. Akajua alichojia, akajitupa kitandani na koti lake mwilini.

"Nilimuambia bibi yangu wa ndoa aseme niko na malaria kali," anasimulia. "Nikasikia Mama Katungu anasema, 'Pole, Mwalimu, Mungu akuponyeshe.' Akaacha ile kuku, eti supu itanipatia nguvu. Na mimi nikaikula."

 

Mathe alikaa siku tisa zaidi katika shimo la wafungwa kambini. Aliyemtoa ni Jemima, mchuuzi wa samaki kutoka Kyavinyonge aliyekubali kufuatana na Katungu hadi kambini, ambaye hakumaliza hata darasa la tatu. Kiingereza chake amekiokota kwa wanunuzi wa Kampala.

"Miye sijue verbe ni kitu gani," anacheka Jemima, kisu kikiparua magamba. "Nilimuambia ule chef ya basoda, mukubwa wa baaskari: this man, three children, no war, please, you let go. Akaangalia bibi ya Mathe mwenye kulia. Akamuachilia."

Mathe alirudi na miguu iliyovimba. Kuendesha baiskeli hawezi tena. Sikuli akikutana naye njiani hujifanya anatafuta kitu mfukoni. Aibu ya mtu mzima ni kitu kibaya kukitazama.

Tangu Mei, kila Alhamisi baada ya masomo, mwalimu huketi kando ya meza ya Jemima sokoni na kujaribu Kiingereza chake kwa wanunuzi wageni.

"Ananichekelea mbele ya baclient," anakiri. "Mais donc, najifunza." Muhula ujao anataka Jemima aje darasani, wanafunzi wasikie lugha ikisemwa.

Tulipomwuliza kama tunaweza kuichapa habari hii, alikubali kwa sharti moja.

"Andika," alisema. "Mais itoke kisha ya Jumapili. Tukitoka ku misa, nitaenda kwa Mama Katungu. Sipende batu bamusomee mu gazeti. Asikie mu kinywa yangu kwanza: sikukuwa mugonjwa."